Kurekebisha mradi wa jamii ukiwa njiani: mwongozo kamili kwa kamati na wahamasishaji wa Bukavu

Mwongozo huu ni wa kamati za avenyu, wahamasishaji, relé komuniteri (wajitoleaji wa afya wa jamii) na mashirika madogo yenye mradi wa miezi sita hadi kumi na miwili. Kosa linalojirudia lina sura mbili. Kuna wanaong'ang'ania kalenda ya mradi hata mvua ikiwa imeshachukua njia. Wengine hubadilisha kila kitu kwa mdomo, na kufika mwezi wa nne hakuna anayekumbuka kilichokubaliwa. Wote huishia pabaya palepale: mfadhili anauliza maswali, na watu wa avenyu wanasema wamedanganywa.

Ili tusizungumze hewani, tutatumia mradi mmoja wa mfano. Ni wa miezi sita, kwenye avenyu 6 za mlimani Kadutu, komini ya Bukavu, zenye nyumba 240. Lengo lake ni kwamba taka zisitupwe tena kwenye makanivo, yaani mifereji ya maji. Kinachoingia kwenye kanivo Kadutu hushuka hadi ziwa Kivu, huelea mpaka mto Ruzizi unapotokea, na plastiki zikiziba mitambo ya umeme ya Ruzizi ya kwanza, mji unakosa umeme. Badilisha mfano huu na wako: maji, chanjo, shule, vyovyote.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Daftari moja la jalada gumu, kurasa 200. Andika namba ya kila ukurasa kwa mkono kabla ya kuandika neno la kwanza, ili ukurasa ukichanwa ijulikane. Kompyuta isichukue nafasi ya daftari. Umeme ukikatika siku ya kikao, daftari bado linasomeka.

Nakala ya mkataba na mfadhili. Pigia mstari kila sentensi inayohusu kubadilisha shughuli au bajeti. Mikataba mingi huruhusu kuhamisha sehemu ndogo ya mstari wa bajeti, mara nyingi asilimia 10, bila kuomba ruhusa. Wako unaweza kuwa na sheria kali zaidi. Usikisie.

Akiba ya marekebisho. Tenga asilimia 5 hadi 10 ya fedha za shughuli. Kwenye dola 6,000, hiyo ni dola 300 hadi 600. Mfadhili akikataa mstari wa namna hiyo, omba iandikwe kwenye mkataba jinsi mabadiliko yatakavyoombwa na ndani ya siku ngapi yatajibiwa.

Simu ya mradi yenye laini mbili, Airtel na Vodacom kwa mfano, kwa sababu watu hawapigi mtandao mwingine kama salio ni kidogo. Namba isiwe ya mratibu binafsi. Siku akiondoka, ataondoka na masikio ya mradi.

Padex 10 (karatasi kubwa za kubandika ukutani), makeri 4, skochi, kilo moja ya maharagwe na makopo matatu yenye mfuniko. Maharagwe ni ya kupigia kura. Matumizi yake yako kwenye Hatua ya 3.

Ramani ya mkono ya avenyu zote: ngazi, kanivo, bonfonteni (bomba la maji la jamii), makanisa, maegesho ya motari.

Mwandishi wa daftari, ambaye si mratibu na si mshika fedha. Huyu ndiye anayesahaulika kuliko vyote, na akikosekana hatua zinazofuata hazisimami.

## Hatua ya 1: Tenganisha ahadi na njia

Chukua padex moja, chora nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ni ahadi: mambo ambayo hayabadiliki mpaka mradi uishe. Kwa mfano wetu: nyumba zote 240 zihudumiwe, hakuna anayelazimishwa, hesabu za fedha zisomwe hadharani kila mwezi. Yasizidi manne. Kamati yenye ahadi kumi haina ahadi.

Nguzo ya pili ni yanayobadilika kwa ruhusa ya mfadhili au ya shefu wa kartie (mtaa): idadi ya avenyu, mshahara wa mtu, kununua kifaa kikubwa, sehemu ya kumwaga taka.

Nguzo ya tatu ni yanayobadilika na kamati yenyewe: saa ya kikao, siku ya kukusanya, maneno ya tangazo, nani anapita nyumba gani.

Sababu ya kufanya hivi mapema ni moja. Shida ikishafika, kila mtu huvuta kitu chake kwenye nguzo inayomfaa. Anayetaka toroli mpya atasema ni jambo dogo. Asiyetaka kubadilisha saa atasema mkataba unakataza.

*Imefanikiwa ikiwa:* ukimwamsha mjumbe yeyote usiku na kumtajia jambo, anakuambia liko nguzo gani.

## Hatua ya 2: Funga kengele kabla ya safari

Kengele ni sentensi yenye namba, muda na kitendo: *kikitokea hiki mara kadhaa, tutafanya hiki kabla ya siku fulani.* Bila namba, mabishano hayaishi. Mmoja atasema "watu wamepungua", mwingine atasema "ni mvua tu".

Kwa mradi wetu wa mfano, kengele sita zinatosha:

1. Wakija chini ya 15 kati ya 30 walioalikwa, vikao viwili vya wakazi mfululizo, kikao cha tatu hakifanywi saa ileile wala mahali palepale.
2. Nyumba zinazotoa taka zikishuka chini ya 120 kwa wiki mbili, kamati inaanza Hatua ya 5 ndani ya siku 3.
3. Uvumi uleule ukisikika avenyu mbili ndani ya wiki moja, unajibiwa kabla wiki haijaisha.
4. Mstari wa bajeti ukitumika zaidi ya nusu kabla nusu ya muda haijafika, hakuna malipo mapya kwenye mstari huo mpaka kamati ikae.
5. Majina yaleyale yakijaza zaidi ya nusu ya orodha kwa vikao vitatu, mwaliko unapelekwa nyumba kwa nyumba upande ambao haujawahi kuja.
6. Jambo likienda vizuri kuliko tulivyotegemea, nalo linachunguzwa.

Ya sita watu huicheka. Lakini kama watoto wa avenyu moja wameanza kukusanya chupa bila kutumwa, kuna kitu pale ambacho mpango wenu haukukiona, na kwa kawaida ni rahisi kuliko mnachokilipia.

Onyo kuhusu hela ya transipoti. Mahudhurio ya siku zenye pesa usiyahesabu kwenye kengele ya kwanza. Mji huu umezoea vikao vya faranga na soda, na watu 40 wanaweza kujaa ukumbi bila hata mmoja kujali kanivo. Pima siku zisizo na chochote. Kama lazima kurudisha nauli, lipa wanaotoka mbali tu, kiasi kilichotangazwa mapema, na weka alama ya siku hiyo kwenye daftari. Kuanza kulipa katikati ya mradi ni rahisi. Kuacha ndiko kunakoua mradi.

## Hatua ya 3: Sikiliza kwa njia tatu zisizofanana

Sanduku la maoni peke yake halitoshi. Linawafaa wanaojua kuandika na wasioogopa kuonekana wakiandika. Changanya njia tatu.

Mahali watu wanaposimama tayari. Mhamasishaji mmoja, mara mbili kwa wiki, dakika 30: kwenye foleni ya bidoni bonfonteni, kwenye maegesho ya motari, mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Anauliza maswali matatu tu: Umesikia nini juu ya kazi hii? Kipi kinakusumbua? Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Hashiki fomu mkononi. Anaandika akishaondoka, siku hiyohiyo.

Maharagwe. Kwenye kikao, swali moja, makopo matatu: iendelee hivi, ibadilike, sijui. Makopo yanakaa nyuma ya pazia au ndani ya chumba, kila mtu anaingia na punje moja. Hesabuni mbele ya wote. Njia hii inaonyesha kitu ambacho mikono juu haionyeshi, hasa shefu wa avenyu akiwa amekaa mbele.

Simu ya mradi. Tangazeni saa za kupokea, mfano saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni (16h00–18h00). Muwe tayari kumpigia aliyebipu, kwa salio la mradi.

Andika maneno kama yalivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa. Mtu akisema kwa Mashi, andika Mashi, halafu tafsiri pembeni. Ukirukia Kifaransa cha ripoti, "wanatuuzia chupa zetu" inakuwa "la population manque d'information" (watu wanakosa taarifa), na maana yote imekufa.

Faida ya maneno halisi ilionekana wakati wa Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika hadi Mwenga huku kwetu Kivu ya Kusini mwaka 2019, na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Wahudumu wa Msalaba Mwekundu walikusanya maneno ya watu jinsi yalivyotoka. Moja lililorudi tena na tena ni kwamba familia hazimwoni marehemu wao, hivyo hazijui kilichomo ndani ya mfuko. Kuwafundisha watu upya juu ya virusi kusingejibu neno hilo. Jibu moja lilikuwa kuleta mifuko angavu, ili familia ione.

Onyo zito. Malalamiko ya wizi, ya kuombwa ngono ili mtu apate huduma, au ya kutishiwa, hayaingii kwenye daftari la kawaida na hayasomwi kikaoni. Wachague watu wawili, mmoja awe mwanamke, wasiokuwa wakuu wa mradi. Wanayapokea faraghani na kuyafikisha kwa mfadhili au kituo cha msaada ndani ya saa 24. Aliyelalamika asitajwe jina.

*Imefanikiwa ikiwa:* baada ya wiki nne mnazo sentensi zisizopungua 40 za watu tofauti, na angalau tano zinawauma ninyi wenyewe. Sifa tupu ni dalili kwamba mnawasikiliza rafiki zenu.

## Hatua ya 4: Kikao cha kamati kila wiki mbili, dakika 90

Watu 7 hadi 9. Zaidi ya hapo ni hotuba.

Dakika 15 za kwanza mwandishi anasoma kengele: ipi imelia, ipi imenyamaza. Dakika 20 zinasomwa sentensi za watu bila mtu kujitetea. Dakika 35 ni za jambo moja tu, lile lenye uzito kuliko mengine. Dakika 20 za mwisho: uamuzi, nani, lini, kiasi gani.

Mratibu azungumze mwisho. Akitangulia, wengine watamfuata kwa heshima, na kikao kitakuwa mwangwi wake.

Mwaliko uandikwe kwa saa zote mbili: saa nane mchana (14h00). Tangazo la Kifaransa la 8h00 likitafsiriwa "saa nane" na mtu aliyeharakisha, nusu ya watu watafika saa sita baadaye, na ninyi mtaandika kwamba hawapendi mradi.

## Hatua ya 5: Tafuta sababu kabla ya kugusa chochote

Hapa ndipo miradi mingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza, pigeni marufuku neno "mantalite" (fikra na tabia) ndani ya kikao. "Watu hawana mantalite" halielezi kitu. Linafunga mlango na kuwaacha ninyi mkiwa wazuri. Anayelitamka achangie makeri mpya.

Kengele ya pili imelia: taka zilitoka nyumba 170, sasa zinatoka 105. Kuna milango mitano ya kubisha.

Saa. Mama anayeuza soko la Kadutu au Nyawera ameshatoka alfajiri. Mkusanyaji anayepita saa mbili asubuhi (08h00) anawakuta watoto, na mtoto wa miaka saba hatoi gunia.

Njia. Toroli halishuki ngazi. Mvua za Septemba hadi Mei zikishika kasi, udongo wa mlimani unateleza kama sabuni, na mita 150 zilizokuwa dakika tatu wakati wa Julai zinakuwa hatari kwa mwenye mzigo mgongoni. Mradi uliopangwa wakati wa kiangazi huwa haujui hili. Angalia mlipanga mwezi gani.

Mtu. Mkusanyaji ana ugomvi wa kiwanja na nyumba tatu, au anaonekana ni mtu wa mgombea fulani. Taka zenu ni safi. Mikono inayozipokea ndiyo inayokataliwa.

Pesa. Faranga 500 kwa wiki si nyingi, lakini zinaombwa Jumatatu, na pesa ndani ya nyumba inapatikana siku likelemba (mchango wa zamu) linapolipa. Swali la "kiasi gani" mara nyingi ni swali la "siku gani".

Maana. Watu wameona chupa za plastiki zikitengwa pembeni na wanajua zina bei. Wanauliza nani anakula. Kama hamjawahi kusema hadharani chupa zinauzwa wapi na pesa inaenda wapi, jibu wameshajipa. Msitegemee sheria iwasaidie hapa: amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza sashe za plastiki nchi nzima, na sokoni bado unafungiwa unga ndani ya sashe.

Utajuaje ni mlango upi? Fanya mambo mawili, kwa siku tatu.

Simama mahali penyewe, saa yenyewe, siku mbili. Hesabu na uangalie, usihamasishe.

Kisha tembelea nyumba 10: tano zilizoacha, tano zinazoendelea. Usiulize "kwa nini hamleti taka?" Hilo ni shitaka, na mtu aliyeshitakiwa hujibu "tutaleta". Uliza: "Mama, mara ya mwisho taka zilitoka siku gani? Nani alizibeba? Alizipeleka wapi? Saa ngapi?" Majibu manne ya mambo yaliyotokea yana thamani kuliko maoni ishirini. Nyumba zinazoendelea zitakuambia mengi pia: huenda zote ziko juu ya ngazi.

*Imefanikiwa ikiwa:* mnaweza kusema sababu kwa sentensi moja yenye mahali, saa na mtu. "Nyumba 60 za chini ya ngazi ziliacha tangu mvua ianze, kwa sababu wabebaji ni watoto na ngazi zinateleza asubuhi." Kama sentensi yenu haina mahali wala saa, rudini huko.

## Hatua ya 6: Jaribu kwenye avenyu mbili

Msibadilishe avenyu zote sita kwa mpigo. Mkikosea, mmekosea mara sita, na watu hawatawapa nafasi ya pili.

Chagueni avenyu mbili: moja iliyo ngumu na moja ya kawaida. Kuchagua ile ya rafiki zenu ni kujidanganya. Avenyu nne zinabaki kama zilivyo, ili mpate cha kulinganisha.

Badilisheni jambo moja. Kwa mfano: sehemu ya kukusanyia inashushwa chini ya ngazi, saa inabaki ileile, bei inabaki ileile. Mkibadilisha mahali, saa na mtu kwa pamoja na mambo yakanyooka, hamtajua kipi kilisaidia, na mtalipia vyote vitatu mpaka mwisho.

Muda ni wiki tatu. Wiki ya kwanza watu huja kwa udadisi, ya pili huonyesha uchovu, ya tatu inasema ukweli. Kabla ya siku ya kwanza andikeni: "Tutasema limefaulu nyumba 28 kati ya 40 za kila avenyu zikitoa taka wiki ya tatu." Namba ikiandikwa baada ya matokeo, daima hufaulu.

Waambieni watu kwamba ni jaribio na linaisha tarehe fulani. Huduma ya majaribio iliyoondolewa bila kutangazwa huonekana kama wizi.

## Hatua ya 7: Andika, kisha omba ruhusa

Kila badiliko, hata la nguzo ya tatu, linapata maingizo saba kwenye daftari. Mfano kamili:

> Namba: 04. Tarehe: 12 Novemba.
> Tulichoona: nyumba 105 kati ya 240, wiki mbili.
> Sababu: ngazi zinateleza asubuhi, wabebaji ni watoto.
> Badiliko: sehemu ya pili ya kukusanyia, chini ya ngazi.
> Gharama: mapipa 2 na malipo ya mbebaji mmoja, dola 45 kutoka akiba.
> Msimamizi: mjumbe wa avenyu ya tatu.
> Kuangaliwa tena: 3 Desemba.

Mstari wa mwisho ndio unaorukwa. Badiliko lisilo na tarehe ya kuangaliwa tena hugeuka desturi, hata likiwa baya.

Kama jambo liko nguzo ya pili, andika barua ya ukurasa mmoja: tulichoahidi, kilichotokea, tunachoomba, gharama na inatoka wapi, na kitakachotokea tusipobadilisha. Ambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari. Kwa mfadhili, tuma kwa barua pepe. Kwa kartie na komini, peleka nakala mbili na urudi na moja yenye muhuri wa kupokelewa. Anza na shefu wa avenyu, kisha kartie, ndipo burugumesta, mkuu wa komini. Ukiruka mmoja, atakungoja mbele.

Pesa isiguswe kabla jibu halijafika kwa maandishi. "Endeleeni tu" ya kwenye simu haitamsaidia mshika fedha siku ya ukaguzi. Ukiambiwa kwa simu, tuma ujumbe saa hiyohiyo: "Tunathibitisha kwamba leo mmeturuhusu..." na uhifadhi jibu.

## Hatua ya 8: Rudisha jibu ndani ya siku 14

Padex moja kwa kila avenyu, mistari mitatu: *Mlisema. Tumefanya. Hatujaweza, na sababu ni hii.* Ibandikwe kwenye duka ambalo kila mtu hupita, na isomwe kwa sauti siku ya salongo (kazi ya pamoja ya jamii), watu wakiwa pamoja na majembe bado mkononi. Si kila mtu anasoma ukutani.

Kama jambo ni kubwa, ombeni dakika tano redioni. Chagueni redio inayosikika sana mjini na vijijini. Pelekeni ujumbe ulioandikwa, usiozidi sentensi sita, pamoja na namba ya simu ya mradi.

Mstari wa tatu, ule wa "hatujaweza", wengi wanaona aibu kuuandika. Ukikosekana, watu wataona mmechukua maneno yao na kunyamaza, na wiki inayofuata bonfonteni hakuna atakayewaambia kitu.

*Imefanikiwa ikiwa:* mtu anawasimamisha njiani na kusema, "mlisema mtaangalia tena tarehe 3, imekuwaje?"

## Hatua ya 9: Mji wenyewe ukitikisika

Kuna siku tatizo si la mradi. Barabara imefungwa, risasi zimesikika, mlima umeporomoka, bei ya mafuta imeruka. Pangeni ngazi tatu mapema.

Kijani: kazi kama kawaida. Njano: hakuna mkusanyiko wa zaidi ya watu 10, wahamasishaji hawavuki kartie yao, kazi inaendelea kwa simu. Nyekundu: kila kitu kinasimama, pesa haitembezwi mkononi, mratibu anawapigia wajumbe kujua walipo. Anayetangaza rangi ni mtu mmoja na msaidizi wake, na kila mjumbe ana haki ya kukataa kutoka nyumbani bila kujieleza.

Kurudi kutoka nyekundu kusifanywe kwa kuendelea pale mlipoishia. Goma iliyaona haya mwaka 2021: volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, na tarehe 27 Mei wakazi wa kartie 10 waliamriwa kuondoka. Watu walikimbilia Sake, Rwanda, na wengine walishuka meli kuja huku Bukavu. Mradi wowote uliokuwa umepangwa kwa orodha ya avenyu ulijikuta na avenyu zisizo na watu. Kwa hiyo, wiki ya kwanza ya kurudi ni ya kuhesabu tu: nani yupo, nani amepokea wageni, kanivo lipi limezibwa. Ndipo mfungue tena padex ya nguzo tatu. Mara nyingi ahadi husimama, na nguzo ya tatu huandikwa upya yote.

Onyo la orodha. Orodha ya majina, simu na saini ni mzigo wa hatari hali ikichafuka. Andikeni kilicho cha lazima tu. Kwa kengele zetu, namba ya nyumba inatosha karibu kila mahali. Orodha zenye majina zikae kwa mtu mmoja, nakala moja, na kila mmoja ajue nani ana ruhusa ya kuziharibu hali ikigeuka nyekundu. Mjulisheni mfadhili mapema kwamba ndivyo mtakavyofanya, asije akawadai karatasi ambazo kuzitunza kungehatarisha watu.

## Mwezi wa mwisho

Badiliko jipya lisianze wiki nne za mwisho. Halitapata wiki tatu za kupimwa na mbili za kurudisha jibu. Badala yake, fungueni daftari ukurasa wa 1 na mpitie maingizo yote. Weka alama tatu: limebaki, limeachwa, halijaangaliwa tena. Yale ambayo hayajaangaliwa yapewe kikao chao, hata kama ni ya miezi mitatu iliyopita.

Kisha pigeni picha ya kila ukurasa kwa simu, nakala iende kwa mfadhili baada ya kuondoa chochote kinachomtambulisha mtu. Daftari lenyewe linabaki kwenye avenyu, kwa mwandishi aliyeliandika, kurasa zote 200 zikiwa na namba zake.